Sita Kati ya Kumi

Duka la kofia la mtaa wa Condell,
nimelitazama dirisha lake miaka miwili.
Si kwa kupenda kofia.
Hatua mia mbili kutoka sokoni, shavu la mguu wa kulia
hunikaba kama mdai,
nami husimama nikajifanya nachagua:
ile ya kijivu, ile yenye utepe.
Dakika tatu, mdai huniachia.

Ermelinda akaninunulia ile yenye utepe.
Leo imelala juu ya tumbo langu, chumba namba tisa,
maana Yasna kasema nilale chali, kimya,
damu itulie kwanza, ndipo iulizwe.

Nilitazamia sindano. Hakuna.
Mikanda minne tu, miwili mikononi, miwili vifundoni,
mafuta mazito, baridi kama pua ya mbwa,
na kijiti mfano wa kalamu
anachokitembeza juu ya mguu, akitafuta, akitafuta,
kama atafutaye redioni stesheni ya mbali.

Mkononi damu iliimba: fyuu-ta-ta, fyuu-ta-ta.
Mguuni kushoto ikajibu, sauti imekauka kidogo.
Kulia
Yasna akainama. Nikazuia pumzi.
Fuu.
Kitambo.
Fuu.

Nikamtambua huyo.
Miaka thelathini na minane nimepanda na barua
ngazi za Mariposas, Valparaíso yote chini yangu.
Naijua nyumba ya mwisho kichochoroni:
kitasa kibovu, mjane mlangoni
asiyepata kitu kwa kuwa tarishi kachoka njiani.

Mkanda ukajaa upepo, sauti ikakatika.
Upepo ukapungua, pole pole ikarudi.
Yasna akagawanya namba ya kifundo kwa namba ya mkono.
Sifuri nukta sita.
"Yaani, binti, zikitumwa barua kumi, zafika sita?"
"Si hivyo hasa, Don Eleuterio. Lakini chukulia hivyo."

Na zile nne, nani anazo?
Hakujibu. Akanifuta mafuta hadi katikati ya vidole.
Vidonge, alisema. Sigara, kwaheri.
Na utembee: hadi maumivu, pumzika, tembea tena.

Nje, Ermelinda na mkoba wake.
Hatua mia mbili. Nikasimama penye ukuta mtupu,
hakuna dirisha, hakuna kofia ya kusingizia.
"Mguu," nikamwambia.
Akautua mkoba chini.
"Najua. Nilikuwa nahesabu.
Mwaka juzi zilikuwa mia tatu."