Mbabula Moja

Nyama nimeinunua Kadutu, nusu kilo,
ya shingo, yenye mishipa,
ile ambayo muuzaji huiweka pembeni
akijua mwenye nayo atapita tu.
Nikamwambia: ikate ndogo, kama ncha ya kidole.
Akanitazama. "Mama, unapikia watu au vifaranga?"
Akacheka, na panga lake halikukosa hata mara moja.

Pilipili sikununua.
Haendi sokoni kwa pilipili
aliye jirani wa Mama Cibalonza.
Mti wake umevuka ukuta,
na kilichovuka ukuta ni cha mwenye mkono.

Umeme umeondoka saa tisa bila kuaga.
Basi ni makala.
Basi ni mbabula moja, hii yenye mguu uliopasuka,
niliyoifunga waya wakati wa mvua za mwaka jana.

Chakula chenyewe si chetu.
Mugisho alikila Kamituga, kwa mpishi wa kampuni fulani,
mara moja tu, kwenye bakuli la plastiki,
akanipigia usiku uleule kunisomea mapishi,
mtandao ukikatika penye kila neno la maana:
"Bizari nyembamba, kijiko ki—"
"Maharage uyatie baa—"
"Halafu, sikia, usisahau kabisa ku—"

Kufanya nini?
Nimekipika mara saba sasa
na mara zote saba nimekisahau kitu hichohicho.

Kitunguu kwanza. Viwili, vitatu.
Kinalia kwenye mafuta, nami nalia juu yake,
na mtoto Ashuza anauliza nani kaanza.
Alisema mafuta meupe.
Lakini yeye yuko shimoni na chupa iko mkononi mwangu:
mawese, basi, mpaka sufuria iwe na rangi
ya barabara ya Walungu wakati wa kiangazi.
Saumu. Tangawizi. Bizari, kijiko ki-, 
nimeamua ni kijiko kilichojaa.
Nyama inaingia, inakasirika, inatulia.
Nyanya. Maharage niliyoyaloweka tangu jana.
Pilipili ya ukuta, nzima, isipasuke,
ikielea kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya wengine.

Saa mbili za moto mdogo.
Halafu ndiyo shida ya mbabula moja:
makaroni nayo yanataka moto,
na yanautaka wote.

Kwa hiyo naipua sufuria,
naifunika, naiviringisha kwenye blanketi
kama nilivyomviringisha Ashuza wiki ile ya kwanza,
na kwa kuwa sakafu ina baridi ya Bukavu
naiweka kitandani,
upande wa ukutani, upande wake,
penye godoro lililobonyea bado.
Imeenea vizuri.
Sikukaa kuitazama. Maji yalikuwa yanachemka.

Mama mkwe amefika na rozari na neno lake:
tumbo lisiloona bugali halijui kama limekula.
Amekula sahani. Ameongeza nyingine.
Akapangusa mdomo, akauliza bugali uko wapi.
Ashuza anavuta uzi mmoja wa makaroni
kutoka sahanini hadi kwenye pua yake,
anasema ni mrefu kuliko ngazi za kushukia sokoni,
na mchuzi umemfika mpaka kwenye nyusi.

Simu imelia saa tatu.
Sauti safi, safi kabisa, kana kwamba yuko jikoni.
Nikamwuliza haraka kabla haijakatika:
ile siku, ulisema nisisahau kabisa nini?
Akanyamaza. Nilisikia mbwa wa Kamituga.
"Lini nilisema hivyo?"
Nikasema, haidhuru, mchuzi umekolea.
"Pilipili?"
Ya ukuta.
Akacheka kwa namna ya mtu mwenye njaa.

Nimesugua ukoko peke yangu, na kijiko,
polepole, mpaka chuma kikaonekana.
Usiku, blanketi linanuka bizari.
Nitalifua Jumatatu.
Labda Alhamisi.