Upindo

Nilimpima Asekenye Jumanne, mvua ikipiga mabati:
kifua, kiuno, kimo toka bega hadi kifundo cha mguu.
Niliandika kwa chaki ubavuni mwa cherehani
kwa kuwa daftari lilikuwa limelowa.
Akasema, nishonee gauni la nchi.
Nikamuuliza, nchi ina kiuno cha inchi ngapi?
Tukacheka, halafu tukanyamaza,
maana pesa ya kitambaa ilikuwa haijatoka Kampala.

Haikutoka.

Nikaenda kukopa kwa Ramzani, mita sita,
rangi ya mtama unaongoja kuvunwa.
Usiku wa mwisho uzi mwekundu ukaniishia,
maduka yamefungwa, basi la alfajiri linamngoja binti,
nikamalizia upindo kwa uzi wa kijani
uliobaki kwenye sare za watoto wa Madera.
Shubiri moja tu, nyuma, upande wa kushoto.
Nani atainama kuuona?

Wimbo wenyewe ni wa Kiteso. Unaita ng'ombe
kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine,
wale waliotolewa zizini mwaka ule
ambao hapa Soroti tunautaja kwa kidevu tu.
Alipita nyumba kwa nyumba akiokota majina.
Mimi nilimpa la fahali wa baba.
Sikuwa nimelitamka tangu utotoni;
lilitoka na kutu.

Jumamosi nililipa elfu moja kibandani kwa Okiror.
Vijana walitaka mpira. Okiror akasema dakika tatu,
wimbo mmoja una dakika tatu, hamtakufa.
Nchi thelathini na moja! Wengine walikuja na moto jukwaani,
wengine na mbawa, mmoja aliimba
akiwa ndani ya tangi la kioo lenye maji.
Mtangazaji akatamka jina letu
kama mtu anayeonja dawa ya mtoto,
akaeleza kuwa huu ni wimbo wa mapenzi.
Hakukosea sana.

Akatokea. Peke yake, na adungu, na gauni langu.
Mimi nikainama kwenye benchi kana kwamba
kuinama kwangu kungeishusha kamera.
Kamera haikushuka. Ilimpenda usoni,
ilimpenda mikononi, ikapanda juu kabisa
hata akawa mdogo kama punje,
lakini chini ya goti dunia haikutazama.
Nilikuwa bado nautafuta uzi wa kijani
jina la fahali wa baba lilipopita.

Hivyo tu. Lilipita.
Nyuma yangu mzee mmoja muuza betri
alipiga mluzi, ule wa kuwageuza ng'ombe jioni,
na vijana wa mpira hawakumcheka.

Halafu alama. Sifuri. Sifuri. Sifuri,
Okiror ameisahau rimoti mkononi,
mpira umekwisha huko uliko na hakuna aliyeuliza.
Sifuri. Kisha nne.
Nne! Kutoka nchi ambayo kibandani
hakuna aliyewahi kuisikia.
Tulishangilia kama bao la dakika ya mwisho.
Jenereta ikakohoa, ikazima,
tukaendelea kushangilia gizani.

Tulikuwa wa ishirini na tisa.
Mpwa wangu alinionyesha nchi ile kwenye ramani ya shule:
ndogo, kama kishikizo kilichomdondoka jirani yake.
Natamani kujua ni nani kule,
sebuleni kwake, na viatu amevua au hajavua,
na alisikia nini.

Leo Ramzani ameniuliza, je, tumeshinda?
Nikamwambia tumepata nne.
Akafungua daftari, akalamba kidole,
akatafuta ukurasa wangu.