Halali

Ya kwanza niliirudisha: Mokowe, basi la alfajiri, Mombasa.
Mashine ya kuchimba sarafu zisizoshikika,
nayo ikinguruma kama kinu cha unga,
hata mama, ng'ambo ya ukuta, akakohoa
kile kikohozi chake kisicho na mafua.

Nikachagua upya, si kwa kasi, kwa sikio.
Wati ngapi? Joto je?
Feni yake husema, au hunong'ona?
Tokeni ya mia mbili itanifikisha Ijumaa?

Hii ndogo imeenea kidakani
palipokaa bakuli la bibi, lile lenye ufa.
Kijitaa cha kijani chapepesa kwenye chokaa.
Wiki tatu imechimba thamani ya mahamri mawili;
stima imekula moja na robo.

Jana usiku mama aliingia na tasbihi,
akainama, akatega sikio
kama juu ya mtoto mchanga.
"Lali, kitu hiki ni halali?"

"Huyu? Halali, mama.
Usiku kucha halali."

Hakucheka. Kaulize wanaojua, akasema.
Kisha akaipangusa vumbi kwa ncha ya leso,
akazima pangaboi la dari,
ndilo lenye kelele,
akainama tena.