Kiatu cha Kulia

Nkuhungu, saa kumi na moja jioni.
Goli la milunda, uwanja wa mbigili.
Hapa Kocha Ndahani alimvua Chiloleti
kiatu cha kulia,
miezi minane,
mpaka mguu wa kushoto ukapata akili.

Jana wamemnunua. Milioni sitini.
Redio inasema kipaji, kipaji,
kama vile kipaji hakichomwi miiba.

Lakini mimi pia nilivuliwa,
nikapulizwa filimbi ileile,
na bei yangu bado ni soda baada ya mechi.
Sasa wamelipia nini?

Nilimuuliza Ndahani. Alikuwa akihesabu mipira:
mitatu, mmoja una pancha.
Akamwita mtoto mgeni, wa kutoka Bahi,
akachuchumaa,
akaanza kumfungua kamba.