Mikono Inanuka Buni

Baba alinifunza buni kabla sijajua kusuka nywele:
ikianza kupasuka, koroga;
ikitoa jasho, epua;
ikiwa nyeusi kama kunguru, umeshachelewa.
Alizunguka Malindi na dele lake la shaba,
makaa yakipumua chini ya kitako chake,
Maweni, Barani, hadi mlango wa hospitali,
akigonganisha finjani mbili kwa vidole vya mkono mmoja,
na sisi sita tukala, tukavaa, tukasoma
kwa mlio huo.

Mwaka niliozamishwa majini na nguo nyeupe
nilikuwa mtu mzima, nina mume, nina mtoto wa kunyonya.
Aliyenisomea Neno la Hekima
ni kijana wa miaka kumi na tisa, kidevuni hapajaota kitu,
kifuani amebandika kibao: Mzee.
Akasema: pombe, tumbaku, chai, kahawa.
Nikauliza: kahawa?
Akatazama viatu vyake. Kahawa.
Na uji je, si kinywaji cha moto?
Uji hauna neno.
Na ile soda nyeusi unayoshushia jua la saa nane?
Akacheka hadi masikio yakawa mekundu.
Soda haikutajwa, akasema,
hapo kila mtu na dhamiri yake.

Sikumwambia baba.
Miezi mitatu nilikipuliza kikombe chake
mpaka kikapoa, nikamwaga mgombani.
Mgomba ukanawiri, nao ndio ulionisaliti.
Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu:
"Mungu wako huyo, alionja ya nani?"

Tangu hapo nikimtembelea
alinichemshia tangawizi na mdalasini
kwenye sufuria ndogo, mbali na dele,
akanitilia katika finjani ileile,
akasimama pale mpaka nimalize
kama anayemnywesha mtoto dawa.

Mwezi wa saba alitutoka.
Matanga yalikuwa Muyeye, chini ya turubai la kukodi,
watu mia mbili na baridi ya kusi.
Shangazi Nyevu akaleta buni robo gunia,
akatazama huku, akatazama huku.
Wakaza wana waliijua ile ya kopo tu.
Nikafunga leso.
Koroga. Epua. Twanga.
Iliki kidogo, tangawizi kavu zaidi.
Nilionja kwa pua, kwa sikio,
kwa rangi ya povu linapopanda shingoni mwa dele.
Watu wakanywa, wakanyamaza, wakasema: hii ni yake.
Kahindi fundi baiskeli, aliyekufa akimdai baba
au baba akimdai yeye, hawakuwahi kuafikiana
(wala hajafa, ni lugha yake tu: "nimekufa, Ngumbao"),
alilia finjani ikiwa mkononi.

Alfajiri shangazi akaniletea yangu.
"Hata leo? Hata maji ya babako?"
Nikaipokea kwa mikono miwili.
Ilikuwa na joto la kiganja cha mtu.
Nikairudisha.
Hakunisemesha mpaka matanga yakavunjwa.
Sisemi nilikuwa sahihi.
Nasema niliahidi, na baba aliijua ahadi,
na alininunulia mdalasini.

Jumapili nikaenda ibadani,
chumba cha juu, chini yake wanauza misumari na saruji.
Mikono nimeiosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jivu;
buni haikutoka.
Ikapita trei ya mkate.
Ikapita trei ya maji,
vikombe vya plastiki safu kwa safu,
na ndipo nilipoviona, baada ya miaka minane ya kuvishika:
ni kiasi kilekile.
Mafunda mawili, basi.
Kile ambacho baba alijaza gizani bila kumwaga tone.

Nikanywa. Maji yalikuwa maji.
Nikakigonga kikombe changu, taratibu, kwenye cha mwanangu.
Akanitazama.
Plastiki hailii.