Duara kwenye Nne

Mgonjwa wa plastiki alikufa saa nne na robo
nikiwa nasoma chati.
Midomo yake iligeuka samawati; sikuiona.
Bi Chepkurui akabonyeza kitufe,
mapigo yakarudi,
mvua ikaendelea kupiga madirisha ya Barabara ya Ngong.

Kisha fomu: Nimetafakari nilichotenda.
Tia duara, moja hadi tano.
Nikatia nne.
Tano ni majivuno, tatu ni kuitwa ofisini.

Fomu haikuuliza kwa nini nilimvutia shuka hadi kidevuni
nikamwambia pole.

Usiku, bwenini, stima zilipopotea,
nilishika kifundo cha mkono wa Kwamboka aliyelala,
sabini na mbili, sabini na tatu,
nikiitazama midomo yake kwa mwanga wa simu.

“Unapima nini wewe?”

Nikaanza upya: moja.