Tunda Lisilokuwamo

Omwenga aliniita saa kumi, mvua ikipiga
mabati ya karakana yake, barabara ya Lunga Lunga.
"Syombua, wewe uliyekulia sokoni,
nionjee hii kabla sijaipa jina."

Glasi imenenepa juu, imebana kiuno.
Bia yenyewe haioni haya kuwa na ukungu:
rangi ya juisi ya pasheni iliyolala,
povu limekaa kama kofia ya Ijumaa.

Sikunywa. Niliinusa kwanza,
kama ninavyonusa nanasi kitakoni
mteja akitaka la kula leo, si la kesho.
Na soko likaamka ndani ya glasi:
pasheni, ile iliyokunjamana ngozi,
wanayoikataa wanunuzi, nami huificha nikaila;
embe, lakini si embe zima, ni ule uzi
unaobaki menoni ukishafika kwenye kokwa;
chungwa. Hapana. Ganda la chungwa
likimenywa, likakurushia ukali jichoni;
na nyuma kabisa, kwa haya, pera
lililoiva kupita kiasi kwa usiku mmoja
likanukia chumba mpaka jirani akabisha hodi.

Nikapiga funda.
Tamu. Kufumba na kufumbua, tamu,
halafu ikanigeuka.
Uchungu ukapanda nyuma ya ulimi
taratibu, kama mwenye nyumba ngazini, tarehe tano.
Utando mweupe wa balungi.
Jani la mnyanya lililovunjwa kwa kucha.

"Matunda haya umenunua kwa nani?
Maana kwangu hukuja."
Akacheka. Akafungua mfuko wa rangi ya fedha
akanimiminia kiganjani vidonge vya kijani,
chakula cha sungura, ungedhani.
"Ua tu hilo, limekaushwa likasagwa.
Ua, shayiri, hamira, maji.
Humo hamna tunda hata moja."

Nikanusa kiganja. Hasira zikanishika.
Miaka kumi na tisa naamka saa tisa usiku
kupokea malori ya Makueni Marikiti,
nabeba, napanga, nafuta vumbi,
natupa yaliyooza na faida yake,
kumbe kuna ua kavu, lililovuka bahari ndani ya boksi,
linaloigiza meza yangu nzima
wala halinuki kuoza!

Nikanywa tena, nitafute kosa.
Nililipata: haina kokwa.
Hakuna cha kutema, hakuna cha kumtupia kuku,
mtoto hatapanda chochote nyuma ya choo
akisubiri miaka mitano.

Baba alipika kaluvu ya asali.
Hakuwahi kuniambia inanukia nini.
Alionja, akafunga jicho moja, akasema, "Imefika."

Hii itauzwa mia sita glasi.
Nikaanza kupiga hesabu kwa mapera, nikaacha.

"Basi tuiiteje?" Omwenga kashika kalamu.
Nikafuta povu mdomoni,
nikamsogezea glasi.
"Ongeza kidogo.
Sijamaliza kuikasirikia."